Kabla Hujampigia Mzazi Simu: Mwongozo kwa Mwalimu, Muuguzi na Ustadhi Mtoto Anaponajisiwa na Mtu wa Nyumbani

Ijumaa moja, miaka mingi sasa, msichana wa darasa la tano alifika shuleni kule Kisauni, Mombasa, na mkoba umejaa nguo. Vitabu aliviacha nyumbani. Mwalimu wake alipomuuliza kulikoni, akajibu kwa sauti ya chini: "Leo sirudi. Ami analala kwetu." Mimi nilikuwa mshauri nasaha mpya, cheti bado kinanukia wino, na nikafanya lile tunalolifanya sote mtoto akiwa na shida. Nikamwita mzazi.

Mama alikuja, akasikiliza, akalia, akanishukuru. Akamshika mtoto mkono, akauchukua ule mkoba, wakatoka. Jumatatu dawati lilikuwa tupu. Tukaambiwa kapelekwa kwa nyanyake mashambani. Mashamba ya wapi, hakuna aliyejua, au hakuna aliyetaka kusema. Sikumwona tena.

Haya ninayoandika yametokana na siku ile na nyingine nyingi zilizofuata. Mafunzo mengi tunayopewa yamejengwa juu ya mtu baki: jirani, dereva wa bodaboda, mwenye duka. Huko mzazi ni mwenzako. Lakini akiwa ni baba, ami, mjomba, babu, kaka au baba wa kambo, yule unayemtegemea kutia saini, kulipa nauli na kumshika mtoto mkono, yumo ndani ya duara lenyewe. Hata asiyejua lolote atavutwa upande mmoja kabla ya magharibi. Kwa hiyo mpango mzima hauna budi kuanzia mahali pengine.

Mtoto anapoanza kusema

Mtoto hasemi yote. Anarusha kijiwe kwanza asikie kitaangukia wapi. "Mwalimu, mtu akimshika mtoto vibaya anafungwa?" "Bi maalim, naweza kulala kwenu leo?" Mwingine hasemi kabisa: anaanza kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, anakataa kukaa, analala darasani kwa sababu usiku halali, au analetwa kliniki na maradhi ambayo mtoto wa umri wake hapaswi kuwa nayo. Hiyo ya mwisho ni nzito. Zile nyingine, moja moja, hazithibitishi kitu. Watoto hukojoa kitandani hata mama akijifungua mdogo wao. Angalia, andika tarehe, na uwe mtu ambaye kijiwe kikimwangukia harushi kelele.

Akianza kusema, keti chini, usimsimamie. Mlango uwe wazi kiasi: watu wawaone, wasiwasikie. Mwache aseme kwa mwendo wake. Ukishindwa na neno la kumwambia, haya yanatosha: "Umefanya vizuri kuniambia. Si makosa yako." Uso wako nao unasema. Ukishtuka, ukashika kichwa, ukasema "Astaghfirullah" au "Mungu wangu!", mtoto anaona amekuumiza, na anafunga.

Atakuuliza, karibu wote huuliza: "Utamwambia mama?" Usiahidi siri. Mwambie ukweli mdogo anaoweza kuubeba: "Sitawaambia wenzako wala majirani. Lakini kuna watu wachache ambao kazi yao ni kulinda watoto. Hao nitawaambia, na nitakwambia kabla sijawaambia." Na usiahidi kwamba ami atafungwa. Hujui. Isitoshe, watoto wengi hawataki ami afungwe. Wanataka aache tu, na pengine bado wanampenda. Hilo linawashangaza wageni wa kazi hii.

Maswali: uliza machache kuliko unavyotamani. Unahitaji kujua nini kilitokea kwa ufupi, nani, mara ya mwisho lini, na kama huyo mtu yuko nyumbani leo. Basi. Tumia maswali yaliyo wazi: "Kulitokea nini?" "Halafu?" "Niambie zaidi kuhusu hapo." Usimtilie jina mdomoni ("Ni ami, sivyo?"), usimwonyeshe sehemu za mwili ukimuuliza kama aliguswa hapa au pale, na lile swali la "mbona hukupiga kelele?" litoe kabisa kichwani mwako. Mtoto wa miaka saba hapigi kelele dhidi ya mtu anayemnunulia sare.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni moyo wake: kila anaposimulia anarudi kule. Niliwahi kuhesabu katika kesi moja, mtoto alisimulia mara tisa kabla ya kumfikia daktari: mwalimu wa darasa, mwalimu wa nasaha, naibu, mkuu, mzee wa mtaa, chifu, na kadhalika, kila mmoja akitaka kusikia kwa masikio yake. Ya pili ni mahakama. Wakili wa utetezi atauliza nani alimwambia mtoto nini, na akipata kwamba jina la mshukiwa lilitoka mdomoni mwako kwanza, umempa kamba.

Kisha andika, saa hiyo hiyo. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, na maswali yako pia. Kama katumia neno la kitoto au la mtaani kutaja sehemu ya mwili, liandike hilo hilo. Kama kasema kwa Kigiriama au Kidigo, andika kwa Kigiriama au Kidigo halafu tafsiri chini yake. Usiandike "mtoto amenajisiwa". Hiyo ni hukumu. Andika "mtoto alisema…" na "niliona anatembea kwa kuchechemea". Tia saini, funga kabatini. Kundi la WhatsApp la walimu si kabati. Nimeona taarifa ya mtoto ikizunguka kwenye simu za Bamburi nzima kabla ya jua kuzama, ikamfikia mshukiwa, naye akapanda basi la usiku.

Usimwite mzazi, bado

Hapa ndipo tunapoteleza wengi. Mwite nani basi?

Kila kaunti ndogo ya Mombasa, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, ina afisa wa watoto kutoka Idara ya Huduma za Watoto. Nambari yake iwe kwenye simu yako leo, kabla hujaihitaji, pamoja na ya dawati la jinsia la kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Usipompata, piga 116, laini ya watoto: ni bure na inapokea usiku na mchana. Ya dhuluma za kijinsia kwa jumla ni 1195, nayo bure. Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea.

Mkuu wa shule mwambie, lakini mwambie kama mtu anayetoa taarifa. Usiende kuomba ruhusa. Wakuu wengine ni watu wema wanaoogopa shule kutajwa, na wema wao utakwambia "tusubiri hadi wiki ijayo tuone". Hakuna cha kuona wiki ijayo. Sisi watu wa Pwani tuna msemo tunaoupenda mno, funika kombe mwanaharamu apite, na kombe hili likifunikwa, aliye ndani yake ni mtoto. Kwa walimu walioajiriwa na TSC, yaani Tume ya Kuwaajiri Walimu, waraka nambari 3 wa mwaka 2010 unaohusu kuwalinda wanafunzi na dhuluma za kingono unataka taarifa itolewe ndani ya saa 24, na anayeficha anaadhibiwa. Utaje waraka huo kwa adabu ofisini kwa mkuu, utaona mambo yanavyosogea.

Hesabu saa kwa kurudi nyuma. Mtoto akisema saa nane mchana na shule inafungwa saa tisa na nusu, una saa moja na nusu tu ya kumpata afisa kabla ya swali la nani anamchukua getini. Mara nyingi anayekuja kumchukua ndiye mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya simu ni getini: mwambie askari kwamba mtoto huyu leo anatoka nawe tu. Usimweleze kwa nini.

Ustadhi na maalim, nyinyi mna nafasi ambayo sisi wengine hatuna. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, huja kwenu jioni, nyumba inawaamini, na neno lenu lina uzito. Uzito huo huo ndio wazee wa nyumba watakaokuja kuuomba baadaye, wakitaka muisitiri nyumba. Nitarudi hapo.

Saa 72

Kama tukio la mwisho ni la siku tatu zilizopita au chini ya hapo, hospitali inatangulia kila kitu. Si lazima kupitia polisi kwanza. Anayekufukuza ukalete karatasi ya polisi ndipo mtoto atibiwe, amekosea. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi hazina faida zikianza baada ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, kwa hiyo usiku wa manane ni bora kuliko asubuhi. Humezwa siku 28, kipimo cha mtoto kikifuata uzito wake. Msichana aliyeanza kubalehe hupewa pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo mwisho wake ni saa 120, lakini nayo ni bora mapema. Kuna kinga ya homa ya ini aina ya B na tiba ya magonjwa ya zinaa. Matibabu haya hayalipiwi katika hospitali za umma.

Hospitali Kuu ya Pwani, pale Tononoka, ina kituo chake cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na wahudumu wa pale wamezoea watoto. Ukitoka Likoni jioni hesabu na feri. Nimeshawahi kukwama pale na mtoto anatetemeka, foleni haisogei, na nilijuta kutoondoka nusu saa mapema.

Asioge, asibadilishe nguo, ikiwezekana asiende chooni kabla ya kuonwa. Lakini akiwa ameshaoga, mpeleke vivyo hivyo. Kuna wanaorudi nyumbani kwa sababu tu mtu kawaambia "ushahidi umeshapotea". Hata zikipita saa 72, hata ikiwa ni miezi, mpeleke: bado kuna maradhi ya kupimwa, mimba ya kuangaliwa, na moyo wa kutibiwa.

Nguo alizovaa zitiwe kwenye karatasi. Bahasha ya kaki, ile kubwa ya kuuziwa kwenye duka la vitabu, ndiyo bora: kila nguo na bahasha yake, andika juu jina, tarehe na aliyefunga. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka 2017 lakini nyumbani haikosekani, na mtu akiwa na haraka huiendea hiyo. Kwa joto na unyevu wa Mombasa, nguo mbichi ndani ya nailoni huota ukungu kwa siku mbili na ushahidi ukaoza nayo. Iache ikauke kivulini kwanza. Na pakiti ya unga, ingawa ni ya karatasi, haifai. Nimeletewa, ilikuwa na unga ndani.

Muuguzi na daktari watajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kunajisiwa. Hutengenezwa nakala tatu: moja ya polisi, moja ya mwathiriwa, moja ya hospitali. Hakikisha ile ya mwathiriwa haiendi nyumbani na mtu usiyemwamini. Ipigie picha, kisha ikae kwa afisa wa watoto.

Na ikiwa daktari ataandika kwamba haoni jeraha, usikate tamaa na usimwache mtu yeyote akasema "basi hakuna kitu". Watoto wengi walionajisiwa hukutwa hawana alama. Mwili wa mtoto hupona upesi, na si kila dhuluma huacha jeraha. Kwa sababu hiyo hiyo, zuia kabisa ule mtindo wa kumwita nyanya au somo (kungwi) amkague mtoto chumbani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitoa wito kupima bikira kukomeshwe, kwa kuwa hakuonyeshi lolote la kitaalamu. Nyanya hatakuwa na jibu, na mtoto atakuwa amevuliwa nguo mara ya pili.

Polisi na karatasi

Kituoni nenda dawati la jinsia. Taarifa iandikwe kwenye kitabu cha matukio, na usitoke bila nambari ya OB. Utapewa fomu ya P3, ile ya polisi ya ripoti ya daktari, ambayo haiuzwi. Daktari huijaza kwa kutazama ile PRC. Mtoto akihojiwa, omba iwe mahali pa faragha, na kama kuna afisa aliyefunzwa kuhoji watoto, msubirini huyo hata kwa saa mbili.

Kosa lenyewe liko kwenye Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Miaka 12 hadi 15 si chini ya miaka 20. Miaka 16 hadi 18 si chini ya miaka 15. Kifungu cha 8 hakibagui msichana na mvulana, jambo ambalo watu wengi hawalijui, na wavulana wetu hunyamaza kwa sababu wanaamini sheria haiwajui. Kwa ndugu wa damu kuna pia kosa la zinaa ya maharimu, kifungu cha 20: mwanamume anayelifanya na binti yake, mjukuu, dada au mpwa aliye chini ya miaka 18 anaweza kufungwa maisha. Ni lipi atakaloshtakiwa nalo huamuliwa na afisi ya mashtaka. Wewe lete ukweli.

Ila kuna karatasi moja ambayo nakuomba uifuate kama mwizi: inayoonyesha umri. Tumeona adhabu inategemea miaka ya mtoto, na umri lazima uthibitishwe. Kesi nzuri huyumba hapo. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rekodi ya kuandikishwa shule. Nyumba ikishagawanyika, cheti ndicho cha kwanza kupotea. "Panya wamekula." Shule nyingi zina nakala kwenye faili tangu mtoto alipoandikishwa; itoe nakala siku hiyo hiyo. Ikikosekana kabisa, hospitali inaweza kukadiria umri, kwa meno na njia nyingine, lakini hilo ni kuzunguka mbali kwa kitu kilichokuwa kabatini.

Usiku huu atalala wapi

Swali hili ndilo kazi yenyewe. Fomu zote zikijazwa vizuri halafu mtoto akarudishwa kulala ukuta mmoja na mshukiwa, tumemfanyia ubaya zaidi, kwa sababu sasa yule mtu anajua kwamba amesema.

La kwanza la kujaribu ni aliye mkubwa aondoke, mtoto abaki kwao, kwenye shule yake na kitanda chake. Likiwezekana kwa kukamatwa, vizuri. Lisipowezekana, afisa wa watoto atatafuta jamaa. Muulize mtoto mwenyewe: "Ni nani ukilala kwake hulali na wasiwasi?" Jibu lake mara nyingi litakushangaza: shangazi wa Mishomoroni ambaye nyumba imemtenga, mama wa rafiki yake. Afisa amkague jamaa huyo kabla, kwa sababu ukoo ni ukoo na mlango unaweza kufunguliwa usiku. Makao ya watoto ni ya mwisho. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inapendelea malezi ya kifamilia, na kwa Waislamu imeitambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, ambayo wazee wengi hapa wanaielewa vyema kuliko neno lingine lolote la ustawi wa jamii.

Usimchukue nyumbani kwako. Najua moyo wako. Nimefanya hivyo mara moja, na asubuhi jamaa walikuwa kituoni wakinishtaki kwamba nimemteka nyara mtoto.

Na waulizie watoto wengine wa nyumba ile. Huyu ndiye aliyesema. Huenda si yeye peke yake.

Mama

Mama ataambiwa, tena siku hiyo hiyo, ila na afisa wa watoto akiwepo na mtoto akiwa tayari mahali salama. Hiyo ndiyo tofauti na kosa langu la Ijumaa ile.

Usimkabili kama mshukiwa. Neno lake la kwanza huwa "siamini", na wengi wetu tunaliandika hilo dhidi yake. Mpe nafasi. Ameambiwa kwa dakika kumi kwamba mume wake, au ndugu yake aliyemlea, ni mtu mwingine kabisa. Nakumbuka mmoja aliyekaa kimya muda mrefu akizungusha ncha ya leso kidoleni, halafu akauliza, "Na kodi ya mwezi huu?" Muuguzi kijana niliyekuwa naye alikasirika. Mimi nilimuelewa. Alikuwa ameshaamini, alikuwa anahesabu. Mwanamume yule ndiye aliyelipa chumba, maji, karo ya wanne.

Kwa hiyo zungumza naye kodi. Mwulize nani wa kwao anaweza kumpokea, kama ana kipato chake, nani atamtisha. Mwonyeshe afisa ni nani, simu yake hii. Mwambie mambo mawili tu kuhusu mtoto: asimhoji, na asimwambie asamehe. Mama akiwa upande wa mtoto, mtoto hupona upesi. Sijaona dawa inayoshinda hiyo. Kwa hiyo kila saa unayotumia kwa mama unaitumia kwa mtoto pia. Yumo pia mama aliyejua na kunyamaza, na hata mama anayeumiza mwenyewe, kwani wanawake nao hufanya. Hilo mwachie afisa na mpelelezi. Macho yako usiyatangaze.

Wazee wanapokuja

Watakuja. Siku ya tatu au ya nne, mara nyingi baada ya Alasiri, wamevaa vizuri. Mzee wa mtaa, ami mkubwa, pengine imamu au mchungaji, na mmoja mpole atakayesema kwa niaba yao. "Mwanangu, haya mambo ni ya ndani. Mtoto ataolewa kesho, nani atamchukua? Tumekaa, tumeyamaliza." Kutakuwa na maslaha: pesa, au kiwanja, au ahadi ya kumhamisha yule bwana Malindi. Wengine watataka aape kwa msahafu kwamba hakufanya, na yamini hiyo ndiyo iwe mwisho.

Usibishane dini nao, na usiwavunjie heshima, kesho utawahitaji. Waambie: "Wazee wangu, nimewasikia. Lakini kesi hii si yangu wala si ya nyumba. Ni ya serikali." Na ni kweli. Kifungu cha 40 cha ile sheria ya 2006 kinaweka uamuzi wa kusitisha mashtaka mikononi mwa kiongozi wa mashtaka ya umma. Mama hawezi kuifuta, mtoto hawezi, mzee wa mtaa hawezi. Jibu hilo linawaondolea mzigo hata wao, maana yumo mzee kwenye lile kundi ambaye hakutaka kuja. Wakisema watapeleka kwa kadhi, waeleze taratibu kwamba kwa Katiba, kifungu cha 170, kadhi anaamua hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu. Jinai haimo.

Ustadhi, hapa ndipo uzito wako unapohitajika. Sitara ina mahali pake. Mwambie mzee, kwa lugha yake, kwamba anayesitiriwa ni aliyedhulumiwa. Ukilisema wewe, litasikika kuliko nikisema mimi mara mia.

Baada ya wazee kuondoka, mtoto huanza kubadilisha maneno. "Nilidanganya." "Nilikuwa nimeota." Usimkaripie, usimbembeleze. Andika alichosema, tarehe, na nani alikuwa naye siku mbili zilizopita. Mpe afisa taarifa. Mtoto anayekana chini ya shinikizo la nyumba ni jambo la kawaida katika kesi hizi, na halimaanishi kwamba neno la kwanza lilikuwa la uongo.

Ikiwa aliyefanya naye ni mtoto

Kaka wa miaka 14, binamu wa miaka 11. Nyumba za chumba kimoja, watoto sita mkeka mmoja, hutokea. Hatua za ulinzi ni zile zile: hospitali, afisa, kuwatenganisha malazi usiku huo. Lakini huyu mkubwa pia ni mtoto, na mara kwa mara ameshafanyiwa na mtu mwingine. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai. Kwa aliyezidi hapo ziko njia za kumrekebisha nje ya jela. Usiwakubalie wanaotaka kumchapa kadamnasi, wala wanaosema "ni mchezo tu wa watoto".

Mahakamani

Kesi itachukua muda mrefu, na itaahirishwa mara nyingi. Mtoto aelezwe hilo mapema, asije akadhani ameshindwa kila tarehe inaposogezwa.

Mwombe mwendesha mashtaka mambo matatu: mtoto asimwone mshukiwa uso kwa uso, watu wasiohusika watolewe chumbani, na kama anashindwa kusema mbele ya watu, awe na msaidizi wa kumsemea. Kifungu cha 31 cha ile sheria ya 2006 kinawapa mashahidi dhaifu ulinzi huo, lakini usipoomba, siku yenye kesi arobaini nani atakumbuka? Na familia ikikwambia "hakuna shahidi mwingine, ni neno la mtoto tu", wajibu kwamba kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika makosa haya kwa neno la mtoto peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu.

Usimfundishe la kusema. Mfundishe chumba. Mpeleke siku moja kabla, akae kwenye kiti, aone hakimu anakaa wapi, ajue kwamba kusema "sijui" na "sikumbuki" kunaruhusiwa, na kwamba akitaka choo aseme.

Siku yenyewe beba maji, daftari la kuchorea na kitu cha kula. Utaambiwa saa tatu asubuhi. Mtaitwa saa sita. Mimi hubeba mahamri manne kwenye kopo, mawili yake na mawili ya mama.